Lisanse ya miaka tatu, lisanse ya miaka tano: wazazi, tuelewane mbele ya kulipa

Kila mwaka, kisha matokeo ya Exetat kutoka, mu komini zetu zote, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, ni vigelegele. Watoto wanamwagiwa pudre ku kichwa, mama anatoa kitenge alichokuwa anaweka kwa siku kubwa, jirani analeta kinywaji. Juma moja nyuma yake furaha inageuka ulizo: sasa mtoto aende kusoma nini? Na lile ulizo watu wengi wanalijibu kwa jina tu. "Huyu atafanya droit." "Huyu atatoka lisansie." Wachache njo wanauliza: ile diplome itamfungulia mlango gani, na itamtwaa miaka ngapi?

Mie siko profesa. Niko mtu wa sendika mu migodi, nilimaliza humanités za tekniki nikaingia kazi. Lakini kazi yetu sisi madelege ni kusoma makaratasi: kontra, matangazo ya kazi, barua za kupandisha mtu cheo, barua za kumkatalia. Na siku hizi kuna ugomvi mmoja unarudi mara kwa mara ku meza yetu. Kijana anafika na kontra mkononi. "Papa delege, mie niko na lisanse, shefu wangu naye iko na lisanse. Juu ya nini yeye ni kadre, na mie baliandika metrise?" Tunaweka makaratasi mawili pamoja. Yote mawili yameandikwa "licence". Moja ni ya miaka mitano, ingine ni ya miaka mitatu. Hapo hakuna mwenye kudanganya. Ni neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na hakuna mtu alimwelezea kijana, wala baba yake mwenye aliuza parsele juu ya kumsomesha.

Basi tuelezane, polepole.

Zamani

Tangu wakati wa Zaire, masomo ya juu yalikuwa na ngazi mbili za kwanza. Mtoto anamaliza miaka sita ya sekondari, anapata diplôme d'État, njo ile tunaita D6. Anaingia iniversite ao institut supérieur, anasoma miaka mitatu: ni gradua. Akiwa na nguvu na feza, anaongeza miaka miwili: ni lisanse. Jumla, miaka mitano kisha diplôme d'État. Ku fakilte ya polytechnique, mwenye kumaliza ile mitano aliitwa injenieri sivili, hata kama alisoma mambo ya migodi ao ya umeme. Watu wengi wanafikiri sivili ni mwenye kujenga nyumba, hapana. Juu ya lisanse kulikuwa DEA ao DES, kisha doktora. Udaktari wa watu ulikuwa na njia yake, ndefu kuliko zingine.

Kule kazini wazee wetu hawakusema sana gradua na lisanse. Walisema kwa herufi. A3 ni yule wa masomo mafupi ya kazi ya mikono. A2 ni yule alimaliza sekondari ya tekniki, miaka sita. A1 ni wa gradua: injenieri tekniki, ao infirmie alitoka ISTM. A0 ni wa lisanse. Mpaka leo, ukienda ku hopitali ao ku ateliye, utasikia: "Huyu ni A1, yule ni A2." Ile lugha ilikuwa na uzuri wake. Ilikuwa inakuambia ngazi ya mtu bila kukuambia hadithi.

Sasa

Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya elimu ya inchi iliingiza mpango mpya, ule wa LMD: Lisanse, Masta, Doktora. Lakini mpango ulilala mu kartasi muda mrefu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 njo uliingizwa kwa nguvu mu vyuo vyote, wakaanza na wale wa mwaka wa kwanza. Gradua haiko tena kwa wale wanaoingia leo. Mtoto anasoma miaka mitatu, anapata lisanse. Anaongeza miwili, anapata masta. Doktora inakuja kisha, miaka mitatu ao zaidi.

Na masomo hayahesabiwi tena kwa miaka peke yake, yanahesabiwa kwa kredi. Mwaka mmoja ni kredi 60, muhula mmoja 30. Lisanse ni 180, masta inaongeza 120. Kredi mtoto alishinda ni yake, inabaki yake. Kwa hiyo mzazi asiulize paka "Ulipita?" Aulize "Umebakiza kredi ngapi?" Kuna watoto wanasema walipita na kumbe wanavuta nyuma yao kredi za mwaka wa kwanza kama mkia.

Angalia sasa kitu kilichotokea. Miaka mitatu ya zamani ilikuwa gradua. Miaka mitatu ya leo inaitwa lisanse. Miaka mitano ya zamani ilikuwa lisanse. Miaka mitano ya leo inaitwa masta. Jina limeshuka ngazi moja, na watu wengi hawakuona linashuka. Mzazi anasikia "lisanse" na mu kichwa chake anaona lisansie wa wakati wake, mwenye kaboti na mkoba. Mtoto anatoka na karatasi ya miaka mitatu na anangoja kiti cha mwenye miaka mitano. Shefu wa wafanyakazi naye anajua hesabu, na yeye anahesabu miaka.

Kuna tena hii ya "Bac". Vyuo vingine hapa kwetu, kwa kufuata Ubelgiji, wanaita ile miaka mitatu Bac 1, Bac 2, Bac 3. Ku Ubelgiji ni sawa, bachelier ni miaka mitatu ya masomo ya juu. Lakini Ufaransa bac ni mtihani wa mwisho wa sekondari, ndugu ya Exetat yetu. Na matangazo ya kazi ya makampuni yanaandika kwa hesabu ya Ufaransa: "Bac+3", "Bac+5". Ile alama ya kujumlisha ni ndogo, lakini ni kubwa. Bac 3 ni mwanafunzi ako mu mwaka wa tatu, hajamaliza. Bac+3 ni mwenye kumaliza miaka mitatu juu ya diplôme d'État. Bac+5 ni masta ya leo ao lisanse ya zamani. Kila mara tangazo likibandikwa, tunaona watoto wa Bac 3 wametuma dosye ya Bac+5, wanatumia feza ya fotokopi na ya kulegalize juu ya kitu hakiwezi kujibiwa.

Kampuni inasoma nini ku diplome

Mu Congo kazi zimepangwa kwa ngazi. Ya chini ni maneva wa kawaida, kisha maneva wa kazi nzito, kisha mwenye ujuzi nusu, mwenye ujuzi, mwenye ujuzi wa juu, metrise, na juu kabisa makadre. Mshahara wa chini unahesabiwa kwa ile ngazi, na kila kampuni inaandika ngazi zake mu convention collective pamoja na sendika. Diplome inasaidia kujua mtu anaanzia wapi. Haisemi atafikia wapi. Nimeona A2 wa umeme alipanda mpaka metrise na akawa anapanga kazi ya wenye diplome kubwa kumpita, juu alijua mashini. Nimeona tena Bac+5 alikaa miaka ku kiti kile kile.

Lakini pa kuanzia ni pa muhimu, juu mengine yote yanahesabiwa kutoka pale: prime, nyumba, pansio. Njo maana neno "licence" peke yake mu kontra ni hatari. Mwenye kusaini kontra imeandikwa "licencié" bila kusema wa mpango gani, siku ya ugomvi kila upande unavuta neno kwake.

Na kuna kitu cha staji. Mtoto ametoka shule, anapewa staji, anafurahi. Miezi inapita. Msichana mmoja wa metaluruji alikuja kutuona: miezi kumi na minne mu kampuni moja ya mtaa wetu, anafanya zamu ya usiku kama wengine, na beji yake bado imeandikwa "stagiaire". Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema wazi juu ya muda wa kumjaribu mtumishi: mwezi mmoja kwa maneva asiye na ujuzi wa pekee, miezi sita kwa wengine, haipite pale. Staji ya shule iwe na mwisho wake umeandikwa, na iwe na karatasi ya chuo. Kama shule iliisha na chuo hakijui kitu, ile si staji tena, ni kazi.

Tufuate jiwe

Watoto wananiuliza: "Papa, tusome nini juu ya kuingia mu mugodi?" Mie nawajibu tuchukue jiwe moja la malakite, lile la rangi ya majani, tulifuate tangu shimoni mpaka linakuwa katode, tuangalie mikono gani inaligusa.

Mbele ya shimo kuchimbwa, jeologe amekwisha kupita. Ametoboa, ametoa vipande virefu vya mwamba tunaita karoti, amevipanga mu masanduku na kuandika. Huyo alisoma jeolojia ku fakilte ya sayansi, miaka mitano. Yeye njo anasema chini kuna shaba kiasi gani, na kwa lile neno lake watu wa banki wanatoa feza ao wanakataa. Lakini pembeni yake kuna wenye kuchukua sampuli, kukata karoti, kuweka namba. Hapo D6 mwenye akili ya kuandika vizuri anapata kazi, na mwenye miaka mitatu anapata kazi nzuri zaidi.

Injenieri wa migodi anapanga shimo: wapi kutoboa, wapi kulipua, malori yapite wapi. Huyo ni wa polytechnique. Topografe anapima, kila siku, juu shimo la jana si shimo la leo. Mwenye kushika baruti anahitaji karatasi ya ruhusa. Hata uwe na masta mbili, bila ile karatasi hugusi. Na dereva wa ile lori kubwa yenye gurudumu linapita kimo cha mtu, hakuna iniversite ilimfundisha. Alipewa mafunzo, alipita mtihani wa macho na wa mikono, na saa zake za kuendesha njo diplome yake. Siku hizi kuna wasichana mule ndani, na mafundi wa ateliye wanakuambia mashini zao zinarudi bila majeraha mengi.

Jiwe linafika ku mashini ya kuvunja, kisha ku ya kusaga. Hapo ni dunia ya makanika na umeme, na hapo njo mugodi unakula watu mingi. Mashini ikisimama saa moja, kila mtu anaanza kupiga simu. Kuna injenieri wa elektromekanike anasoma plani na kuamua. Kuna wa miaka mitatu, wale wanatoka ISTA ya Kolwezi na shule zingine kama zile, wanasimamia ekipe. Na kuna mafundi: soderi, makanisye wa mashini nzito, mtu wa umeme, yule wanaita instrumentiste mwenye kurekebisha vipimo vidogo vinavyoambia kompyuta maji yamefika wapi. Kwa injenieri mmoja utahesabu mafundi wengi. Instrumentiste mzuri, makampuni yanaibana.

Kisha jiwe lililosagwa linawekwa mu asidi sulfuriki, shaba inayeyuka ndani ya maji. Ni kazi ya metaluruji. Yale maji yanasafishwa, yanaenda ku elektrolize, umeme unapita, na shaba inajishika ku bati: katode, shaba safi ya 99.99 ku mia. Mu laboratwari, mchana na usiku, kuna watu wanapima asidi, shaba, kobalti. Mwenye shefu wa laboratwari ni wa kemia, Bac+5. Wenye kupima ni wa miaka mitatu, ao A2 wa kemia ya viwanda. Ukikosa kupima vizuri saa nane ya usiku, katode ya asubuhi inatoka mbaya.

Na nje ya njia ya jiwe kuna wengine wote. Mtu wa usalama, mtu wa mazingira mwenye kuangalia maji yanatoka wapi kuenda mtoni, infirmie wa zamu, mwenye komputabilite, mtu wa reseau ya kompyuta, mwanasheria. Ndiyo, mwanasheria pia. Mie sidharau droit, sheria ya migodi ya 2002 iliyorekebishwa 2018 inahitaji watu wa kuisoma, na sisi wa sendika tunawahitaji mbele ya wote. Lakini kampuni moja inahitaji wanasheria wangapi? Na soderi wangapi? Hesabu hiyo hakuna mtu anaifanya siku ya kujiandikisha ku Kasapa.

Wale wa kugusa

Hapa nataka kusimama kidogo, juu inaniuma. Ku kila kipande cha ile njia umeona watu wa namna tatu: mwenye kupanga, mwenye kusimamia, mwenye kugusa. Mji wetu unatoa wenye kupanga wengi kila mwaka, na wenye kugusa vizuri ni wachache.

Haikuwa hivyo. Union Minière ilikuwa inafundisha watu wake yenyewe, mu ateliye zake, na Gécamines iliendelesha. Mtoto aliingia kijana, akatoka fundi, na fundi alifundisha fundi. Mu 2003, na ule mpango wa kutoka kwa hiari, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walishika feza yao ya mwisho na kurudi nyumbani. Watu wanazungumza sana juu ya ile feza, namna ilivyoisha. Wanazungumza kidogo juu ya ujuzi uliotoka mlangoni siku zile. Wale masoderi na wale watu wa umeme walikuwa shule yetu.

Leo mtoto anayetaka ule ujuzi ana njia mbili. Moja ni sekondari ya tekniki: umeme, makanika, kemia ya viwanda. Wazazi wanaikimbia, wanasema ni ya watoto wasio na akili. Wajaribu wao kusoma plani ya umeme ya mota kubwa, kisha tuzungumze juu ya akili. Ya pili ni INPP, ile serikali ilianzisha mu 1964 kwa kazi ya kufundisha watu ufundi. Iko na kituo hapa Lubumbashi. Masomo ni mafupi, karatasi yake si lisanse wala haijifanyi lisanse, lakini makampuni yanaijua. Na hakuna sheria inasema mwenye D6 ao mwenye lisanse hawezi kuenda INPP. Nimeona lisansie wa uchumi alikuenda kujifunza ubaridi, kurekebisha frigo na klimatizere. Baba yake hakusema naye miezi. Sasa yule kijana njo analipa masomo ya wadogo zake, na baba amepata sauti yake.

Mugodi si kila kitu

Nikizungumza mugodi ni juu njo kwangu. Shaba ina bei yake huko London, ikishuka sisi wote tunashuka nayo. Mtoto mwenye moyo wa kufundisha aende ISP. Hakuna mji bila walimu, hata kama mshahara wa mwalimu ni haya kwa inchi. ISTM inatoa mainfirmie na watu wa laboratwari ya hopitali. ISC ni ya biashara na hesabu. Na kuna fakilte mbili watoto wanapita mbele yake bila kugeuka: agronomia na udaktari wa wanyama. Tunakaa ku mji unaokula unga wa mahindi ya Zambia. Mpaka ukifungwa juma moja ku Kasumbalesa, bukari inapanda bei mu masoko yote. Na bado agronome tunamwangalia kama mtu alikosa nafasi ingine.

Ng'ambo ya Kasumbalesa

Kwa kuwa nimetaja Zambia: wazazi wenye uwezo wanatuma watoto Kitwe, ku Copperbelt University, ao Lusaka. Ni sawa, lakini majina yanabadilika tena ku mpaka. Kule "diploma" ni karatasi iliyo chini ya digrii. Mtoto wetu akisema "niko na diploma", anafikiri diplôme d'État, wao wanafikiri masomo ya juu ya miaka kadhaa, na mazungumzo yanaharibika pale pale. Tena digrii yao ya kwanza mu uinjenieri inatwaa miaka mitano. Kwa miaka inakaribia masta yetu, kwa jina inafanana na lisanse yetu mpya. Akirudi, lazima aombe ekivalanse ku ministeri ya masomo ya juu, na asingoje siku ya kupata kazi juu ya kuanza. Wenzetu wa Tanzania nao wana stashahada, kisha shahada, uzamili, uzamivu. Stashahada iko chini ya shahada, mtu asizichanganye kwa sababu zinalia sawa.

Mbele ya kulipa

Mzazi, usitoe feza mbele ya kujua mambo haya. Chuo kiko na agrément ya serikali? Omba kuona arrêté yenyewe, na uangalie kama ile fakilte ya mtoto wako imo ndani, juu kuna vyuo vilipewa ruhusa ya kufundisha kitu kimoja na vinafundisha vitano. Wako na ruhusa ya masta, ao wanaishia lisanse? Kama wanaishia lisanse, mtoto ataendelea wapi, na chuo gani kitakubali kredi zake? Wale walimaliza mwaka uliopita walifanya staji wapi? Kama sekretere anaanza kuangalia dari, umejibiwa. Lipa ku banki na uweke borderoo. Feza ya mkononi haina ushahidi.

Hesabu tena miaka yote, usihesabu mwaka wa kwanza peke yake. Kuna silabusi, laboratwari, staji, safari, mémoire. Kama mfuko wa nyumba unaweza miaka mitatu tu, afadhali kuchagua tangu leo lisanse yenye inafungua kazi kwa miaka mitatu, laboratwari, umeme, infirmie, kuliko kuanza kitu ambacho bila masta hakifunguki. Jeolojia na uinjenieri mkubwa ni vya miaka mitano. Mwenye kuishia katikati anatoka na jina bila kiti.

Na wewe kijana mwenye gradua ya zamani, usiitupe karatasi yako. Ni miaka mitatu ya masomo, ile ile. Tangazo likisema Bac+3, wewe ni Bac+3, andika hivyo ku barua.

Sisi upande wetu, kila mara tunakaa na kampuni juu ya convention collective, tunaomba kitu kimoja kidogo: ku kila ngazi waandike idadi ya miaka ya masomo pembeni ya jina la diplome. "Licence, ancien système, 5 ans." "Licence LMD, 180 crédits." Ni mstari mmoja, hauombi hata franka moja ku kampuni. Wengine wamekubali, wengine wanasema wataangalia. Kwa sasa, kijana mwenye kontra imeandikwa "licence" bila kitu kingine apite ku delegasio ya sendika ya kazi yake, aje na kontra, diplome na relevé ya kote zake zote, orijinali na fotokopi. Mbele ya kusaini ni vizuri zaidi.